Maswali ya Wasomaji: Mgeni Kazini Afundishwe Vipi?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Nakuru, Kisumu na Kakamega, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu akishaajiriwa, nani amfundishe kazi, na amfundishe vipi bila kuisimamisha kazi yenyewe? Tumechagua nne. Majina ya waandishi na ya mahali wanapofanya kazi tumeyahifadhi.

Swali la kwanza

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku katika kiwanda kidogo cha mikate hapa Nakuru. Mfanyakazi mpya akija, desturi yetu ni kumkabidhi kwa mmoja wa wakongwe kwa muda wa wiki moja ili aangalie kazi inavyofanywa. Wiki ikiisha, wengine wameishika kazi, na wengine hata kupima chumvi hawajui. Unga umetuharibikia mara kadhaa. Mwenye kiwanda ananilaumu mimi, mimi nawalaumu wakongwe, nao wanasema vijana wa siku hizi hawataki kujifunza. Usiku hatuna nafasi ya kufanya darasa. Nifanyeje?
*Msimamizi wa zamu, Nakuru*

Jibu

Ndugu msimamizi, kabla ya kuwahukumu vijana, itazame ile wiki moja yenyewe. Mgeni anawekwa kando ya mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye mikono yake imeshazoea, na ambaye usiku huo ana idadi ya mikate anayotakiwa kuifikisha kabla magari ya kusambaza hayajafika alfajiri. Mkongwe huyo hakuambiwa afundishe nini, hakupunguziwa kazi ili apate nafasi ya kufundisha, wala hakuna atakayemuuliza mwishoni mwa wiki kama mgeni amejua au hajajua. Hayo si mafunzo, ni ujirani. Mgeni mwepesi wa kuuliza ataokota mengi. Aliye mpole ataokota yale yanayoonekana kwa macho tu, na katika kazi ya mikate mambo mengi ya maana hayaonekani kwa macho.

Chukua kazi ya kukanda. Mgeni anamwona mkongwe akizima mashine, akiligusa donge, kisha ama anaiwasha tena ama analitoa. Hajui kwamba mkongwe, kwa sekunde chache zile, amekata kipande kidogo na kukivuta polepole kwa vidole vya mikono miwili mpaka kikawa utando mwembamba unaopitisha mwanga wa taa, na kwamba utando huo ukichanika mapema, donge bado halijaiva kukandwa. Hajui kwamba maji ya kukandia hupozwa kwa sababu msuguano wa mashine hulipasha unga joto, na donge lililopata joto kupita kiasi huumuka upesi likamkuta mtu wa tanuri bado hajawa tayari. Wala hajui kwamba chumvi ikisahaulika, donge hunata, hulegea na kuumuka kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa hiyo kosa hilo linaweza kugunduliwa kabla halijafika tanurini. Mkongwe anayajua yote haya lakini hayasemi, si kwa choyo, bali kwa kuwa ameyazoea kiasi cha kutoyaona tena kuwa ni maarifa yanayohitaji kusemwa.

Tatizo hili lilikwisha kutafutiwa dawa zamani, tena mahali penye haraka kuliko kiwanda chenu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani ilihitaji mafundi wengi wa kuunda meli kwa muda mfupi, na mwalimu wa ufundi aitwaye Charles Allen akaeleza hatua nne za kumfundisha mtu kazi akiwa pale pale kazini. Vita vya Pili vilipofika, hatua hizo ziliwekwa ndani ya mpango wa serikali ulioendeshwa kati ya 1940 na 1945, ambao uliwafundisha wasimamizi wa viwanda zaidi ya milioni 1.5 namna ya kuwaelekeza wageni, wengi wa wageni hao wakiwa wanawake na vijana ambao hawakuwahi kuingia kiwandani. Baada ya vita njia hiyo ilipelekwa Japani, ambako viwanda vinaitumia hadi leo. Msimamizi alipewa kadi ndogo ya kuweka mfukoni, na maneno yaliyoandikwa humo ningependa uyaweke moyoni: mfanyakazi asipojifunza, mwalimu hajafundisha.

Hatua yenyewe ya kwanza ni kumtayarisha mgeni: aondolewe hofu, aulizwe anajua nini tayari, na asimame upande ule ule wa mashine anaposimama mwalimu, si mkabala naye, maana akisimama mkabala ataona kulia kuwa kushoto. Ya pili ni kumwonyesha. Mwalimu aifanye kazi mara ya kwanza akitaja hatua kubwa tu. Airudie akitaja katika kila hatua jambo la kuzingatia. Airudie tena akieleza sababu ya kila jambo. Ya tatu ndiyo inayorukwa karibu kila mahali: mgeni aifanye kazi mwenyewe mbele ya mwalimu, kwanza kimya huku akisahihishwa papo hapo, kisha akieleza kwa mdomo wake hatua, mambo ya kuzingatia na sababu. Akishindwa kusema kwa nini utando wa unga unatazamwa kwenye mwanga, bado hajajua kukanda, hata kama donge la usiku huo limetoka vizuri. Ya nne ni kumwacha afanye peke yake huku akijua jina la mtu wa kumwuliza, na mwalimu akimpitia mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache zaidi kadiri anavyokomaa.

Unasema usiku hakuna nafasi ya darasa. Sikuombi darasa. Kazi moja, kama kupima viungo vyote vya donge moja, hufundishika kwa njia hii kwa muda usiozidi nusu saa, na nusu saa hiyo ni ndogo kuliko hasara ya donge zima linalotupwa. Ila ni lazima itengwe. Mkabidhi mkongwe kazi ya kufundisha kwenye ratiba ya zamu, kwa saa inayojulikana, na usiku huo mpunguzie idadi. Kama mwenye kiwanda anaweza kumwongezea kitu katika mshahara kwa miezi anayofundisha, amwongezee, kwa sababu amempa kazi ya pili.

Tena usidhani kila mkongwe anafaa. Wapo mafundi hodari wasio na subira, ambao mgeni akikosea humnyang'anya chombo na kumaliza wenyewe. Hao waache na kazi yao, wanaijua. Mtafute yule ambaye wenzake humwendea wakikwama. Kaa naye saa moja mchana, mwandike pamoja hatua za kila kazi kwenye karatasi, naye atashangaa ni mambo mangapi aliyokuwa akiyafanya bila kuyataja. Karatasi hiyo isizidi ukurasa mmoja kwa kazi moja, iandikwe kwa lugha inayotumika kiwandani, na ibandikwe karibu na mashine inayohusika.

Utaratibu wa kufundisha nao una uzito wake. Usalama hutangulia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wasidhurike, na mashine ya kukandia hukata mkono bila kuuliza mtu ana muda gani kazini. Kwa hiyo swichi ya kuzimia, kutoingiza mkono wakati mashine inazunguka, na nguo zisizoning'inia, hayo ni ya saa ya kwanza ya usiku wa kwanza. Baada ya hapo mpe kazi ambazo kosa lake hurekebishika, kama kupaka mafuta makopo na kupima uzito wa vipande, kisha upimaji wa viungo, kisha kukanda, na tanuri iwe mwisho. Chora jedwali, majina upande mmoja na kazi upande mwingine, uweke alama pale tu mtu alipoifanya kazi na kuieleza mbele yako. Mwenye kiwanda akija kulaumu, mwonyeshe jedwali hilo. Mtazungumza juu ya kitu kinachoonekana badala ya kuzungumza juu ya tabia za vijana.

Swali la pili

Mimi nina gereji Kisumu, si mbali na Kibuye. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipokea vijana wanaoletwa na wazazi wao wajifunze umekanika. Nawalisha mchana na kuwapa nauli. Lakini kijana akishajua kufungua injini, anaondoka kwenda kwa jirani au anafungua yake, na wateja wangu anawachukua. Rafiki zangu wananishauri niwafiche baadhi ya mambo ili wasiondoke. Nao wazazi wanalalamika kwamba watoto wao wanaosha magari mwaka mzima. Nani ana haki?
*Mwenye gereji, Kisumu*

Jibu

Mzee wangu, kwanza nikushukuru, kwa sababu mafundi wengi wanaotengeneza magari yetu Kisumu, Kakamega na Nakuru hawakutoka darasani. Walitoka mikononi mwa watu kama wewe. Hata hivyo ushauri wa rafiki zako usiufuate. Kijana uliyemficha mambo bado anatengeneza magari ya wateja wako, na breki ikishindwa kwenye mteremko, jina litakaloulizwa ni la gereji yako. Mfundishe kutoa hewa kwenye breki bila kumwambia kwamba chupa ya mafuta ya breki haipaswi kukauka katikati ya kazi, naye ataingiza hewa upya kila anapodhani anaitoa. Usipomwambia kwamba mafuta hayo huharibu rangi ya gari, atayamwaga juu ya bampa ya mteja, na utalipa wewe.

Wazazi nao wana haki katika lalamiko lao. Kuosha gari na kupanga spana kuna mafunzo ndani yake kwa mwezi wa kwanza, kwani kijana huzijua sehemu na vifaa kwa majina. Baada ya hapo ni kibarua kisicho na mshahara. Pale ndipo uhusiano unapoharibika, kijana akaanza kuhesabu siku za kuondoka.

Dawa ya kuondoka ni makubaliano ya wazi tangu mwanzo. Kenya ina sheria ya jambo hili, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, ambayo inatambua mkataba wa uanagenzi kati ya mwajiri na mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kwake, na inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake, NITA. Mamlaka hiyo ina kituo chake hapo hapo Kisumu. Nenda ukaulize masharti ya kuandikisha mkataba wa namna hiyo. Hata kabla hujafika huko, andika karatasi na mzazi: kijana atafundishwa nini katika kila kipindi, atakaa muda gani, atapata nini mwanzoni na ataongezwa nini kila anapofuzu sehemu fulani. Kijana anayeona kwamba akimaliza injini atahamia umeme wa magari na posho itapanda, ana sababu ya kukaa. Asiyeona mbele haoni sababu hiyo.

Wasaidie pia kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, inayoanza gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Najua utasema kwamba kijana mwenye cheti huondoka haraka zaidi. Baadhi wataondoka. Lakini mitihani hiyo hukusaidia wewe kujua umefundisha kwa kiasi gani, kwani mtahini hakujui wala hamjui kijana, na gereji yenye sifa ya kutoa mafundi waliofuzu haikosi vijana wazuri wa kuchagua. Na wewe mwenyewe, kama umefanya kazi miaka yote hiyo bila cheti, uliza juu ya utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao umewekwa kwa ajili ya mafundi wa namna yako.

Jambo la mwisho kwako ni kubwa kuliko yote niliyotaja. Mwanagenzi akiumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamhesabu mwanagenzi wa mkataba miongoni mwa wafanyakazi. Usimwache kijana ambaye hujamwonyesha mahali pa kuweka vigingi vya kuzuia gari alipandishe gari kwa jeki, kwa kisingizio kwamba yeye ni mwanafunzi tu.

Swali la tatu

Niliajiriwa miezi miwili iliyopita katika duka la pembejeo za kilimo na dawa za mifugo Kakamega. Siku ya kwanza nilionyeshwa rafu zote kwa haraka, nikaambiwa nitazoea. Wateja wananiuliza dawa ya kupe inachanganywa vipi, nami naogopa kumwuliza mwenye duka kila mara, maana anakasirika na kusema amekwisha kunieleza. Nimeambiwa niko katika muda wa majaribio na naweza kuachishwa wakati wowote. Nifanye nini nisije nikafukuzwa au nikamwulia mtu ng'ombe?
*Binti wa dukani, Kakamega*

Jibu

Dada, hofu yako ya pili ndiyo iliyo sahihi, na ndiyo itakayokulinda. Usimwambie mteja kipimo usichokijua. Chupa ina maandishi. Yasome pamoja naye, kiasi cha dawa kwa kiasi cha maji, siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, na kama maandishi hayaeleweki, mwambie asubiri umwulize mwenye duka. Mteja hatakudharau kwa hilo.

Kuhusu majaribio, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inaweka muda wa majaribio usiozidi miezi sita, unaoweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita kwa makubaliano yako, na mkataba huo hauvunjwi bila notisi ya angalau siku saba au malipo ya siku hizo. Kwa hiyo "wakati wowote" si wakati wowote kabisa.

Sasa namna ya kujifunza mahali ambapo hakuna anayekufundisha. Nunua daftari. Usiulize swali moja moja duka likiwa limejaa watu. Yaandike yote, kisha mwombe mwenye duka dakika kumi jioni wakati wa kufunga, umwendee na maswali matano badala ya mara tano. Anapokueleza, rudia mbele yake: "Kwa hiyo hii ni ya kunyunyizia, siyo ya kunywesha, na nivae glavu?" Kurudia huko humfanya akusahihishe papo hapo, na humwonyesha kwamba maneno yake hayaanguki chini. Anza na bidhaa zinazouzwa kila siku, usijaribu rafu nzima. Mwombe pia uwe naye anapomhudumia mfugaji mwenye tatizo gumu, na baadaye umwulize kwa nini alimpa dawa ile akaiacha ile nyingine. Wengi wanaokasirika wakiulizwa swali moja hufurahi wakiulizwa sababu.

Na kwa mwenye duka, kama anasoma ukurasa huu: mfanyakazi anayeogopa kukuuliza atamjibu mteja kwa kubahatisha, na hutajua mpaka mfugaji arudi akiwa na hasira. Kumwonyesha mtu rafu si kumfundisha duka.

Swali la nne

Katika hoteli yetu Kisumu tunataka kuwazungusha wafanyakazi, mapokezi waende jikoni, jikoni waende kwenye vyumba, ili kila mmoja ajue kila kitu. Je, ni njia nzuri? Na je, ni bora kuliko kuwapeleka kozi?
*Meneja msaidizi, Kisumu*

Jibu

Ni njia nzuri kwa yule mnayemwandaa kuwa msimamizi, na kwa idara zinazotegemeana, kama mapokezi na vyumba, ambako mgombano mwingi hutokana na kutojua kazi ya mwenzako inachukua muda gani. Kwa kila mtu na kila idara haifai. Mpishi hana haja ya wiki ya kutandika vitanda, na wiki mbili jikoni hazimfanyi mtu wa mapokezi mpishi. Zinampa mpishi mzigo. Mzungushe mtu akiwa ameishika vizuri kazi yake ya kwanza, akae katika idara mpya muda wa kutosha kufanya kazi halisi, na awepo mtu mmoja wa kumpokea na kumfundisha huko.

Kozi ni kwa yale ambayo ndani ya hoteli hakuna anayeyajua, au yanayohitaji cheti, kama huduma ya kwanza na kuzima moto. Kila mwajiri anayechangia ada ya mafunzo ya viwandani, ambayo ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, anaweza kuomba NITA imrudishie gharama za mafunzo iliyoyaidhinisha, na waajiri wengi hulipa ada hiyo bila kuomba chochote. Omba idhini kabla hujawapeleka watu, uhifadhi risiti na orodha ya waliohudhuria. Wakirudi, mpe kila mmoja wao kazi ya kuwafundisha wenzake wawili jambo alilojifunza, ndani ya wiki ile ile, wakati bado linamkaa kichwani.